Kufufua njia za miguu katika msitu wa jiji ulioachwa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa majirani wa misitu ya Nairobi, wale wa kando ya Karura, Ngong Road na City Park, na wa mji mwingine wowote wenye msitu ambao watu wameacha kuuingia. Majibu yanategemea udongo mwekundu na mvua za huku kwetu. Aliye kwenye mchanga wa pwani au udongo mweusi wa tambarare atalazimika kurekebisha vipimo.

Msitu wetu umejaa taka na vichaka, na miti inakatwa usiku. Kwa nini tuhangaike na vijia badala ya kupanda miti?

Kwa sababu mti uliopandwa mahali asipopita mtu hauna shahidi. Mkata miti, mchoma makaa na dereva wa lori la taka wanatafuta kitu kimoja: mahali pasipo na macho. Kijia kinachopitwa alfajiri na wakimbiaji, saa nne na akina mama wenye watoto, na jioni na wanaotoka kazini, huleta macho hayo kila siku bila mshahara.

Kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa. Miche hufa kwa kukosa palizi na maji katika miaka miwili ya mwanzo. Mahali pasipofikika hapapaliliwi. Tumeona mara nyingi siku ya kupanda miti ikifana, picha zikapigwa, na baada ya kiangazi kimoja ukirudi unakuta vijiti vikavu ndani ya lantana, kichaka vamizi. Miti tupande, lakini njia itangulie.

Mnataja Karura kila mara. Kweli palikuwa pabaya, au watu wanatia chumvi?

Palikuwa pabaya. Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ni zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, mito ikipita ndani, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi kimyakimya na ujenzi ukaanza. Januari 1999, Wangari Maathai wa Green Belt Movement alikwenda na wenzake kupanda miti, wakavamiwa na kundi la walinzi na yeye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, habari zikaenea duniani, na ujenzi ukasimama.

Sehemu ambayo watu huisahau ni iliyofuata. Ardhi iliokolewa mwaka 1999, lakini kwa miaka kama kumi baadaye msitu haukuwa na watu. Waliokuwa wakiishi kando yake watakuambia kwamba hukuthubutu kuingia peke yako, na mwanamke hakuthubutu hata akiwa na mwenzake. Kilichobadilisha hali ni mambo yaliyokuja kwa mpangilio. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu jamii kusajili vyama vya misitu na kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Majirani wakaunda chama chao, Friends of Karura Forest. Uzio wa umeme ukajengwa. Vijana wa vijiji vya karibu, kama Huruma, wakapata kazi ya ulinzi na vitalu vya miche. Kisha njia zikafunguliwa moja baada ya nyingine, hadi leo ambapo kuna zaidi ya kilomita 50 za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Nenda Jumapili asubuhi uone familia nzima na bibi yao wakielekea kwenye maporomoko ya maji.

Je, tunaweza kwenda tu Jumamosi na mapanga tukaanza kazi?

Hapana, hata kama nia ni safi. Msitu wa serikali uko chini ya KFS, na kukata chochote ndani yake bila idhini ni kosa. Misitu na bustani za kaunti zina ofisi zake. Kamwone kwanza afisa wa misitu wa kituo chenu, umweleze mnataka kufanya nini na wapi, na mpate idhini ya maandishi.

Kwa kazi ya kudumu, njia bora ni chama cha misitu cha jamii, kinachotambuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Chama huandaa mpango wa usimamizi pamoja na KFS na kutia saini makubaliano. Makaratasi hayo yanachosha, lakini ndiyo yatakayowafaa siku afisa atakapohamishwa na mwingine kuja asiyewajua.

Tufungue upya njia za zamani au tuchore mpya?

Kwanza zitembee zote ulizo nazo. Katika misitu yetu utakuta za aina tatu: barabara za magari za wakati wa mashamba ya miti, kama zile za mikaratusi iliyopandwa kuwa kuni za reli, njia za mkato za watu wanaovuka kwenda kazini, na mapito ya waokota kuni na wanyama. Barabara za zamani mara nyingi zinafaa. Za mkato karibu kila mara zina kasoro, kwa sababu mwenye haraka hushuka mlima moja kwa moja, na maji humfuata.

Usiifunge njia ya mkato kabla hujajua inampeleka nani wapi. Ikiwa watu mia wanaitumia kila asubuhi kufika kituo cha matatu, wape mbadala mzuri usiozunguka mno. La sivyo watapitia hapohapo, na watakuwa na haki.

Njia yetu imegeuka korongo. Tumeijaza udongo, mvua ikaubeba wote. Tunakosea wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa. Nusu ya kazi ya njia ni maji.

Mvua ikinyesha juu ya kijia kilichokanyagwa, maji hayazami, maana ardhi imeshikana. Yakikuta kijia kinashuka na mlima, yanakifanya kuwa mfereji. Kadiri yanavyosafiri umbali mrefu bila kutoka ndivyo yanavyopata kasi, na kasi ndiyo inayochimba. Ukijaza udongo humo umeyapa tu kitu laini zaidi cha kubeba. Lengo ni kuyatoa maji njiani mapema, kidogo kidogo, mahali pengi.

Tunafanya mambo matatu. La kwanza, njia ipite kiunoni mwa mlima, ikikata mteremko kwa ulalo. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wa njia pote duniani ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, na kwa wastani usizidi asilimia 10. Mlima ukiwa na mteremko wa asilimia 12, njia isizidi 6, hata kama 10 ingeonekana nafuu.

La pili, uso wa njia uinamie upande wa bondeni. Mwinamo wa asilimia 5 unatosha: kwa kila mita moja ya upana, ukingo wa chini uwe chini kwa sentimita 5. Mtembeaji hausikii, lakini maji yanavuka njia badala ya kuifuata. Shida ni kwamba nyayo za watu huusawazisha tena, na udongo hujikusanya kwenye ukingo wa chini na kuwa tuta dogo linalozuia maji yasitoke. Tuta hilo liondolewe kila msimu. Ukiwa na muda wa kazi moja tu kwa mwaka, fanya hiyo.

La tatu, ivunje njia kwa mabonde mafupi. Kila baada ya mita kumi hadi thelathini, kutegemea ukali wa mteremko, njia ishuke kidogo kisha ipande kidogo, na pale chini ukingo uwe wazi maji yatokee kwenye majani. Bonde hilo likiwa pana kiasi cha hatua kadhaa, mtu hupita bila kulitambua. Watu wengi hupenda kulaza gogo kuvuka njia liwe kizuizi. Gogo husaidia kwa msimu mmoja, kisha linajaa udongo, linaoza, na watu wanalizunguka wakipanua njia pembeni. Tunalitumia tu pale ambapo hakuna namna ya kuchimba bonde.

Na korongo lililokwisha kuwa refu kama goti, mara nyingi tunaliacha. Chora njia mpya pembeni kwa ulalo unaofaa, ziba la zamani kwa matawi na vizuizi vidogo vya mawe vya kunasa udongo, kisha panda.

Tutapimaje asilimia hizo? Hatuna vifaa vya mhandisi.

Wakulima wa Machakos wamepima makinga maji ya fanya juu kwa kamba, fito mbili na pimamaji. Chukua kamba ya mita 10, funga ncha kwenye fito mbili za urefu sawa, ning'iniza pimamaji dogo katikati. Mmoja asimame, mwingine asogee akishusha au kupandisha ncha yake kwenye ufito, na kamba ikiwa sawa pima tofauti ya urefu wa ncha hizo mbili. Tofauti ya sentimita 60 ndani ya mita 10 ni asilimia 6. Fremu ya herufi A yenye timazi inafaa pia. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo, lakini iweke juu ya ubao mrefu, maana uso wa ardhi una mabonde yanayodanganya.

Weka vijiti vyenye utepe kila hatua chache, kisha mstari wote utembee mara mbili, kwenda na kurudi, kabla jembe halijagusa ardhi.

Njia iwe na upana gani?

Kwa waenda kwa miguu, mita moja hadi moja na nusu. Karibu na lango ambako watu hutembea wakizungumza wawili wawili, mita mbili. Ndani kabisa, sentimita 60 zinatosha, na kusema kweli ndizo zinazopendeza. Kila mita unayoongeza ni majani yaliyoondolewa na jua lililoingizwa, na jua hualika lantana.

Tunachimbaje kwenye ubavu wa mlima?

Kata ndani ya mlima hadi upate upana wote kwenye ardhi ngumu. Usitegemee udongo uliotoka kuwa ukingo wa njia, kwa sababu utaporomoka mvua ya kwanza. Utawanye chini mbali na njia. Ukuta wa juu ulaze, usiuache wima. Ukikuta mzizi mnene kama mkono, pita juu yake au sogeza njia. Mti mkubwa wa muhugu au mugumo haustahili kujeruhiwa kwa sababu ya kijia kinachoweza kupinda.

Kuna sehemu haikauki hata Februari. Tuweke nini?

Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ikiwa ni mkondo unaotoka juu, ukinge kwa mtaro upande wa mlimani na uyavushe chini ya njia kwa bomba au tabaka la mawe. Ikiwa ni chemchemi au kinamasi, njia ihame. Kinamasi kina kazi yake msituni, vyura na ndege wanaishi hapo, na kukijaza vifusi ni hasara mbili kwa mpigo.

Si bora tumwage zege au lami tumalize?

Mahali pachache, ndiyo: mita za mwanzo kutoka langoni, sehemu ya wazee na viti vya magurudumu, ngazi za kando ya mto. Kwingineko udongo wa hapohapo uliopewa mwinamo mzuri unatosha, na murram iliyoshindiliwa kwenye sehemu zenye watu wengi. Zege lisilo na mifereji hupasuka na kubomoka chini, na likishabomoka hakuna mtu wa kujitolea anayeweza kulirekebisha kwa jembe.

Lantana tunaing'oa, inarudi. Tufanyeje?

Kuifyeka pekee ni kuipogoa. Ikate, kisha chimba shina lake na mizizi kwa sululu wakati ardhi ina unyevu, na urudi baada ya miezi mitatu kung'oa iliyochipua kutoka kwenye mbegu. Kisha ipokonye jua: panda miti ya asili inayokua haraka kama mukinduri, na katikati yake ile inayochukua muda, muhugu, mutamaiyu, muthiga. Kivuli kikifunga, lantana inapungua yenyewe.

Usifungue eneo kubwa kuliko mnaloweza kupalilia mwaka mzima. Na kabla ya kufyeka, kagua. Ndege huweka viota humo, na paa wadogo hujificha humo kwa kukosa mahali pengine. Acha vichaka vingine hadi miti ya asili iwe imeinuka.

Mti umeanguka njiani. Nani aukate?

Mwarifu afisa wa misitu. Hata mti uliokufa ni mali ya umma, na mbao za muhugu zina soko kwa wachongaji, kwa hiyo mambo yawe wazi. Mkipewa idhini, kateni kipande cha upana wa njia tu, mengine yaoze hapo yawe chakula cha wadudu na kuvu. Msumeno wa injini ushikwe na aliyefundishwa peke yake. Mti ulioinama ukiegemea mwingine hata sisi hatuugusi.

Tulete zana gani?

Jembe, jembe uma, sululu, beleshi, reki ya chuma, panga, msumeno wa mkono, toroli moja kwa kila kikundi cha watu sita. Glavu na gambuti ni lazima. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, na usishike majani usiyoyajua, maana thabai iko kila mahali penye unyevu. Kabla ya kupiga gogo lenye uwazi, sikiliza kama kuna nyuki.

Msimu gani unafaa?

Juni na Julai, masika yakiwa yameisha na udongo bado una unyevu. Januari pia, baada ya vuli. Katikati ya mvua kubwa usichimbe, lakini ingia na mwavuli utazame. Saa moja ya kutembea chini ya mvua ya Aprili itakuonyesha maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, jambo ambalo huwezi kulijua Septemba.

Tunataka kuvuka mto. Magogo mawili hayatoshi?

Kwa kijito cha hatua mbili, mawe makubwa ya kukanyagia yanatosha na hayabebwi kirahisi. Kwa mto, daraja liwe juu ya alama ya mafuriko na nguzo zake ziwe nje ya mkondo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliionyesha Nairobi nzima jinsi mto mdogo unavyofura kwa usiku mmoja. Kazi hii iwe ya fundi na iwe na idhini. Na watoto wasichezee maji, kwa sababu mito yetu mingi hupokea majitaka kabla ya kufika msituni.

Mimi ni mwanamke na nataka kutembea peke yangu. Njia itanisaidiaje?

Swali hili, dada, lingepaswa kuulizwa kwanza kwenye kila kikao cha kupanga njia, na waalikwe wanawake wanaotembea, si wanaume kuwasemea. Wanayotuambia ni haya. Kwenye kona, vichaka vipunguzwe hadi kiunoni kwa mita mbili tatu kila upande, umwone anayekuja kabla hajakufikia. Njia iwe na makutano mengi, usijikute unalazimika kusonga mbele au kurudi tu. Kila makutano yawe na namba, ili ukipiga simu useme uko namba ngapi na mlinzi afike moja kwa moja. Walinzi wavae sare na watembee. Saa za kufungua na kufunga zibandikwe langoni. Hadi hayo yawepo, usiwe wa kwanza kujaribu peke yako. Njoo na kikundi.

Na akina mama wanaookota kuni, wafukuzwe?

Wasifukuzwe. Walikuwa msituni kabla ya wakimbiaji, na wanaujua kuliko sisi sote. KFS hutoa vibali vya kuokota kuni kavu, na sheria inawatambua kama watumiaji wa msitu. Wakiwa ndani ya chama, ndio wa kwanza kusema mti gani umekatwa jana na nani. Wakiwekwa nje, wanapoteza chakula cha jioni na ninyi mnapoteza walinzi wenu. Njia yao ya kubeba mzigo iwe pana na isiyo na ngazi, maana mwenye mzigo mgongoni haoni miguu yake.

Baiskeli, pikipiki, mbwa?

Baiskeli zipewe mizunguko yake, zisishuke kwa kasi kwenye njia za wazee. Bodaboda hapana, wekeni nguzo langoni. Mbwa wafungwe kamba, kwa ajili ya paa na kima, na kwa ajili ya watoto wanaoogopa mbwa.

Mimi ni mzee, magoti hayaniruhusu. Kuna kazi yangu?

Ipo, mzee wangu, na tunaihitaji sana. Wewe unakumbuka chemchemi ilikuwa wapi, njia ya zamani ilipita wapi, na kipande kipi kiliwahi kuwekewa vigingi na mtu aliyedai ni chake. Keti na vijana wakuchoree ramani ukiwaelekeza.

Mtu ametokea na hati ya kumiliki sehemu ya msitu. Tufanyeje?

Msibishane naye msituni. Pateni tangazo la msitu wenu katika Gazeti Rasmi la Kenya na ramani ya mipaka, pigeni picha zenye tarehe, na mwandikieni barua afisa wa misitu na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Chini ya sheria ya 2016, mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi ofisini kimyakimya. Ombi hupitia Bunge. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali ilenge angalau asilimia 10 ya nchi kuwa na miti. Tazameni Ngong Road: umebaki chini ya nusu ya ule uliotangazwa mwaka 1932, na barabara ya Southern Bypass inapita ndani yake. Njia inayotembea kando ya mpaka wote wa msitu ndiyo tunayopendekeza ifunguliwe mapema, maana kigingi kipya kitaonekana siku hiyohiyo.

Tukishamaliza, tutarudi mara ngapi?

Mara nne kwa mwaka kwa kiwango cha chini. Kabla ya masika na kabla ya vuli, zibueni matokeo ya maji na ondoeni tuta la ukingo wa chini. Baada ya kila msimu wa mvua, pitieni njia zote mkiandika namba ya makutano na palipoharibika. Gaweni njia kwa vipande, kila familia au darasa la shule lipewe kipande chake cha mita mia mbili, na jina lao liandikwe kwenye daftari la chama, pamoja na la mtu wa pili atakayeshika jembe wao wakisafiri.